Bili imeruka kutoka uniti 14 hadi 23: nianze wapi kubana maji?

Swali la msomaji: "Tunaishi Tabata, Dar es Salaam, watu sita. Tuna tangi la lita 2,000 juu ya mnara, vyoo viwili vya kukaa, shawa moja, na nguo tunafua kwa mikono. Siku zote bili ilikuwa haizidi uniti 14 kwa mwezi, lakini mwezi uliopita imefika 23. Nimeshawakataza watoto kuacha bomba wazi wakipiga mswaki, na bustani nimeacha kuimwagilia. Naomba njia rahisi za kubana maji nyumbani."

Jibu: Dada, kabla hujawabana watoto zaidi, tuzipigie hesabu hizo namba zako.

Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20. Uniti 14 kwa watu sita ni kama lita 78 kwa kila mtu kwa siku, kiasi cha kawaida kwa nyumba yenye vyoo vya flashi. Uniti 23 ni lita 128. Zile uniti tisa zilizoongezeka ni lita 300 kila siku, madumu 15. Mngekuwa mnayatumia ninyi, mngeyaona: mtu angekuwa anafua kutwa nzima. Ukizigawa lita 300 kwa dakika za siku unapata glasi moja ya maji kila dakika, usiku na mchana. Matumizi ya watu hulala usiku, uvujaji haulali. Ndiyo maana nakushauri uanze na mita na vyoo, halafu tabia za nyumbani zifuate.

Kwanza kabisa hakikisha bili ni ya kweli. Linganisha namba ya mita iliyoandikwa kwenye bili na ile iliyochongwa kwenye mita yenyewe, kisha usomaji. Tarakimu nyeusi ndizo uniti. Nyekundu ni vipande vya uniti, wala hazihesabiwi kwenye bili. Kama usomaji wa kwenye bili ni mkubwa kuliko ulio kwenye mita leo, umekadiriwa au umekosewa, na tatizo lako ni la ofisini. Na kama miezi iliyopita ulikuwa unakadiriwa chini, bili moja inaweza kuja na deni la miezi yote hiyo.

Ikiwa namba zinakubaliana, tunatafuta tundu. Nyumba yenye tangi ina njia mbili za maji na kila moja hupimwa peke yake: kutoka mita hadi tangi, na kutoka tangi hadi mabombani. Watu wengi hufunga koki zote za ndani, wakaitazama mita, wakaona imetulia, wakasema hakuna uvujaji. Kumbe tangi lilikuwa limejaa na boya, lile linaloelea na kukata maji tangi likijaa, limefunga, na choo kinaendelea kunywa maji ya tangi taratibu. Mita itayahesabu baadaye, boya litakapofunguka.

Njia ya kwanza: subiri siku maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanatoka kwa nguvu. Funga koki ya kuingizia maji kwenye tangi, na kama kuna bomba la nje linalochukua maji moja kwa moja, lifunge pia. Nenda kwenye mita utazame kile kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Kitazame kwa dakika 15. Kikizunguka, hata polepole, bomba la chini ya ardhi linavuja kati ya mita na tangi. Pita juu ya njia ya bomba ukitafuta udongo laini au majani yaliyo mabichi kuliko ya jirani yake. Uvujaji wa baada ya mita ni wako kuutengeneza, wa kabla ya mita ni wa mamlaka, piga simu uwaarifu. Usifanye jaribio hili maji yakiwa ndiyo kwanza yanarudi baada ya mgawo, kwa sababu hewa iliyokaa kwenye mabomba nayo huzungusha mita.

Njia ya pili hufanywa usiku. Wote wakishaoga na kwenda chooni, funga koki ya kuingizia maji kwenye tangi. Panda na kipande safi cha bomba la plastiki la nusu inchi, kisimamishe hadi kiguse sakafu ya tangi, weka alama maji yalipofikia. Asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, pima tena. Ili ujue sentimita moja ni lita ngapi, zungusha futi ya fundi nguo kwenye tangi upate mzingo kwa mita, uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa 12.57, kisha uzidishe kwa 10. Tangi lenye mzingo wa mita 4 linatoa kama lita 13 kwa kila sentimita. Kwa uvujaji wa kiasi chako, saa nane za usiku zitashusha maji karibu lita 100, yaani sentimita 8 hivi, na hizo huwezi kuzikosa kuziona. Kama mnara ni mrefu na ngazi haiaminiki, mwachie fundi kazi ya kupanda.

Maji yakishuka, usiku unaofuata funga ile koki ndogo iliyo ukutani nyuma ya choo cha kwanza, upime tena. Yakitulia, umempata mwizi. Yasipotulia, hamia choo cha pili.

Nimetaja vyoo kabla ya mabomba makusudi. Bomba likidondosha tone moja kila sekunde hupoteza kama lita 20 kwa siku, na kelele zake hukuudhi hadi ulitengeneze. Choo humwaga mara kumi ya hapo kimyakimya, maji yakiteleza kwenye ukuta wa bakuli kama utando ambao jicho halioni. Jaribio lake ni rahisi: ondoa kifuniko cha tangi la flashi, weka nusu kijiko cha chai cha rangi ya keki, nyekundu au ya bluu, usiflashi kwa dakika 20. Rangi ikitokea kwenye bakuli, maji yanapita.

Yanapita wapi? Kuna sehemu mbili tu, na mafundi wengi hubadilisha zote mbili ili ulipe zote mbili. Katikati ya tangi la flashi kuna bomba lililosimama wima, la kuzuia mafuriko. Maji yakitulia yanatakiwa yawe sentimita 2 hadi 2.5 chini ya mdomo wake. Kama yamefika mdomoni na yanaingia ndani, kosa ni la boya au valvu ya kuingizia. Liinue boya kwa mkono: maji yakikatika, boya limepangwa juu mno, lishushe kwa kukaza skrubu yake au kukunja mkono wake kidogo. Yasipokatika, mpira mdogo ulio ndani ya valvu umelika au umebanwa na mchanga. Fungua, safisha, badilisha mpira ukibidi.

Kama maji yako chini ya mdomo na bado rangi imepita, kosa liko kwenye mpira wa chini, ule unaoinuka ukibonyeza flashi. Thibitisha hivi: weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, funga koki ya ukutani, rudi baada ya nusu saa. Maji yakishuka chini ya alama, mpira haukai sawa. Toa maji, pitisha kidole kwenye ukingo wa plastiki unapokalia mpira. Ukihisi ukoko wa chumvi, usugue kwa kitambaa chenye siki. Ukitumia msasa utaacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni njia mpya ya maji. Mpira wenyewe ukiwa mgumu, umepinda au unaacha weusi vidoleni, huo umekwisha. Nenda nao dukani mkononi, kwa sababu mipira hii haifanani, na unaokaribia kufanana utavuja vilevile.

Mbona mipira hufa haraka? Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na walio na kisima pamoja na maji ya bomba hulipa kwa valvu. Mgawo nao huleta mchanga: bomba likikauka na kujaa tena, maji ya kwanza huja na kila kilichokuwa kimetulia chini. Sababu ya tatu tunaileta wenyewe, nayo ni vile vidonge vya bluu vya kuning'iniza ndani ya tangi la flashi. Vingi vina klorini, na mpira unaoogeshwa klorini kutwa kucha hukakamaa. Kama unapenda harufu yake, weka dawa ndani ya bakuli na uliache tangi.

Mtuhumiwa mwingine ni boya la tangi kubwa. Boya likiingiwa na maji huzama na haliwezi tena kufunga. Mkono wake ukiliwa na kutu hukwama katikati. Hapo maji yanayokuja usiku, watu wamelala na presha ya mtaani ni kubwa, hujaza tangi na kumwagikia nyuma ya nyumba hadi alfajiri. Jua likitoka panakauka. Tikisa boya karibu na sikio, ukisikia maji ndani libadilishe. Kisha unganisha bomba kwenye tundu la kufurikia la tangi ulishushe hadi mahali ambapo hamkosi kupita, kwa mfano juu ya karo la kufulia. Bomba hilo la plastiki la mita tatu au nne ni mlinzi asiyelala: siku likidondosha tone, wote mnajua. Funika mdomo wake kwa wavu ili mbu na mijusi wasipande.

Na kuna kosa la siku za mgawo ambalo halihitaji fundi. Mtu anafungua koki, anaikuta kavu, anaondoka akiwa ameiacha wazi. Maji yanarudi saa nane usiku. Wafundishe wote kwamba koki iliyojaribiwa ikakutwa kavu inafungwa pale pale.

Sasa tabia, na hapa nitakwenda kwa ukubwa wa kiasi.

Hata kisipovuja, choo ni mlaji mkubwa. Watu sita, flashi tano kila mmoja, tangi la flashi la lita 9: hizo ni lita 270 kwa siku, zaidi ya uniti 8 kwa mwezi. Jaza maji chupa ya plastiki ya lita 1.5, weka kokoto chache ili isielee, kaza kifuniko, isimamishe kwenye kona ya tangi la flashi mbali na boya na mpira. Kila flashi imepungua lita 1.5, lita 45 kwa siku. Usiweke tofali, kama watu wanavyoshauriana. Tofali humomonyoka majini na mchanga wake huenda kukaa chini ya ule mpira uliotoka kuubadilisha. Kama choo chako ni kipya, cha vibonyezo viwili vya lita 3 na 6, achana na chupa. Bakuli lake limepimiwa kiasi hicho, ukipunguza litabidi uflashi mara mbili.

Njia bora kuliko chupa ni kumwaga maji ya kufulia. Ndoo yenye lita 6 au 7, iinue hadi usawa wa kiuno, mwaga yote kwa mkupuo mmoja katikati ya bakuli. Ukimwaga polepole maji hupita na uchafu hubaki, unaishia kumwaga ndoo mbili. Ila usiyamimine maji ya sabuni kwenye tangi la flashi, utelezi wake na nyuzi za nguo hukaa kwenye mpira.

Kuoga: ipime shawa yako kabla ya kuilaumu. Weka ndoo ya lita 10 chini yake uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 75, shawa inatoa lita 8 kwa dakika, na dakika nane za kuoga ni lita 64. Ndoo na kopo ni lita 15 hadi 20. Asiyetaka kuacha shawa aloweshe mwili, afunge, ajipake sabuni, afungue kusuuza. Hatazidi lita 25. Wauzaji watakushawishi ununue vichwa vya shawa vya kubana maji. Tangi likiwa mita tatu juu ya shawa, presha ni kama baa 0.3 tu (baa ni kipimo cha presha), na vingi vya vichwa hivyo vimeundwa kwa presha ya baa 1 na zaidi. Kwako vitadondosha matone na mtu ataoga dakika 20.

Mabomba ya sinki yapime kwa chupa ile ile ya lita 1.5. Ikijaa kwa sekunde 9, linatoka lita 10 kwa dakika, kiasi ambacho hakihitajiki kunawa mikono. Zungusha koki ndogo iliyo chini ya sinki, uipunguze hadi chupa ijae kwa sekunde 15. Hapo umeshuka hadi lita 6 kwa dakika bila kununua kitu na bila kumgombeza mtoto.

Nguo za watu sita ndipo panapofaa kukaa kidogo, kwa sababu watu huhesabu mabeseni ya kusuuzia bila kuhesabu ukamuaji. Tuseme nguo zako zikitoka kwenye povu bila kukamuliwa hubeba lita 4 za maji ya sabuni. Ukizitumbukiza kwenye lita 20 za maji safi, sabuni hubaki sehemu moja ya sita. Ukirudia mara tatu, unafika sehemu moja ya 216. Sasa zikamue vizuri hadi zibebe lita 1 tu: suuzo la kwanza linaacha sehemu moja ya 21, la pili moja ya 441. Masuuzo mawili ya nguo zilizokamuliwa yanasafisha kuliko matatu ya nguo zinazochuruzika, na umeokoa ndoo nzima. Sabuni nayo ipunguze. Povu linalofika viwiko ndilo linalodai suuzo la nne. Anza na nguo nyeupe, maji ya suuzo lao la mwisho yalowekee fungu linalofuata, na maji ya povu la mwisho yaende chooni na kwenye kudekia veranda.

Vyombo: bomba wazi kwa dakika 10 kwa lita 6 ni lita 60. Beseni la lita 5 lenye sabuni na jingine la lita 8 la kusuuzia ni lita 13. Sufuria ya ugali itie vikombe viwili vya maji ingali ya moto, ifunike. Ukoko utabanduka wenyewe wakati mnakula, hakuna haja ya kusugua chini ya bomba.

Bustani usiiache ife, haikuwa na hatia. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende huko siku hiyo hiyo, na maji ya suuzo la mwisho la nguo yamwagwe shinani, si juu ya majani, wala si kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Yenye jiki yaende chooni. Usiyalaze zaidi ya siku moja, huoza na kunuka. Tandaza majani makavu unene wa kiganja kuzunguka shina, mwagilia jioni jua likishuka.

Mvua nayo inakusaidia kama una bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 kwenye mvua ya milimita 10 linapokea lita 400, ukitoa yanayoruka na kupotea unabaki na kama 320, madumu 16 kutoka mvua moja ya kawaida ya masika. Acha lita 20 za kwanza zimwagike na vumbi na vinyesi vya ndege, yanayofuata yaingie kwenye pipa. Yatumie kwa kufua, kudeki na choo. Pipa lifunikwe kwa kifuniko au wavu uliokazwa kwa kamba: mbu wa dengi, ugonjwa uliozuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama kama hayo.

Baada ya kutengeneza chochote, soma mita kila Jumapili saa ile ile, uandike kwenye kalenda, ukiziandika na tarakimu nyekundu. Ukianza wiki na kumaliza tangi likiwa limejaa, hesabu haitakudanganya. Matumizi yenu ya zamani ni kama uniti 3.3 kwa wiki, na uvujaji wa sasa unaifikisha karibu 5.4. Ukisoma kati ya hapo, mfano 4.3, umeziba tundu moja na lipo jingine. Funga koki ya choo kilichobaki na upime tangi usiku huo.